Vumbi la Singa na Deni la Mwajiri

(Hotuba iliyotolewa Mkumbara, Wilaya ya Korogwe, mbele ya wafanyakazi, waajiri na wazee wa mji)





Mada tuliyopewa ni wajibu wa mwajiri kwa afya ya mtu anayemfanyia kazi. Tulipoitaja kwa baadhi yenu kabla ya kikao hiki, wengi walidhani kwamba tutazungumzia ujira. La, ujira hatutauzungumzia leo. Mafundisho ya dini yetu juu ya kumlipa kibarua upesi anayajua kila mtoto wa madrasa, na anayeyavunja huyavunja akiyajua. Tunataka kusema juu ya jambo ambalo hata mwajiri mwema, anayelipa kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, aweza kulisahau umri wake wote na kujiona kuwa hadaiwi na mtu. Nalo ni ule ugonjwa unaomwingia mfanyakazi polepole kutokana na kazi yenyewe.

Hapa tulipo pana historia ndefu ya kazi nzito. Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikapita hapa kuelekea Buiko na Moshi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga hapa Mkumbara njia ya waya ya angani, iliyopanda hadi misitu ya Shume juu ya milima ya Usambara, umbali wa kama kilomita 9 na kimo cha zaidi ya mita 1,000. Magogo ya mierezi yalishuka kwa waya ule mpaka kituoni yakapakiwa kwenye mabehewa. Mtu anayesoma habari za mtambo huo leo hukuta urefu wa waya, kimo cha nguzo na sifa za mafundi waliousanifu. Vibarua waliozipandisha nguzo zile mlimani hawapewi hata aya moja. Tunalitaja hili kwa sababu tabia hiyo ya kuhesabu mzigo na kutomhesabu mbebaji haikuondoka pamoja na Wajerumani.

Mti uliolifanya bonde hili lijulikane duniani, lakini, haukuwa mwerezi bali mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Miche elfu moja ilianza safari, na iliyofika na kuota ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyotanda kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe, Mombo na Mazinde. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na kuongoza dunia. Baadaye bei ilianguka, nyuzi za plastiki zikachukua soko, mashamba mengi yakageuka pori. Siku hizi mkonge unainuka tena, na Serikali imewahimiza hata wakulima wadogo waupande. Sisi tunafurahi kuona hivyo. Na kwa kuwa unainuka tena, na vijana wanaanza kuajiriwa upya, ndiyo sababu tumeona tuseme sasa kabla vifua vipya havijajaa vumbi la zamani.

Kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuingia kiwandani, tueleze kidogo. Jani la mkonge hukatwa shambani, na ncha yake ni mwiba mgumu mweusi unaoweza kumtoboa mkataji jicho. Majani hupelekwa kwenye mashine tunayoiita korona, ambayo huyaponda na kuyakwangua huku ikimwagiwa maji mengi. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za singa kavu, na zilizobaki ni maji na takataka. Watu wa korona hufanya kazi wakiwa wameloa, sakafu ina utelezi, kelele ni nyingi, na utomvu wa mkonge huwasha ngozi mpaka ikapasuka. Hatari za hapo zinaonekana. Mtu akikatwa kidole na mashine, kiwanda kizima kinasimama, damu inaonekana, kila mtu anaweza kushuhudia.

Singa zikishatoka hapo huanikwa juani kwenye nyaya, kisha hupelekwa chumba cha brashi. Kule hakuna damu. Kuna mashine zinazozunguka ambazo mfanyakazi huzishikisha fungu la singa kavu ili zichanwe, ziwe laini na zing'ae, kabla ya kushindiliwa marobota. Kila fungu likichanwa hutoa vumbi. Mwanga wa jua ukipenya dirishani utaliona likielea kama moshi mweupe, nalo hukaa juu ya nyusi za watu, juu ya nywele, juu ya chakula walichoweka pembeni. Lile tunaloliona kwa macho siyo baya zaidi. Baya zaidi ni lile dogo lisiloonekana, kwa maana ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu.

Yuko mzee mmoja wa ukanda huu, jina lake tunalihifadhi, aliyefanya kazi ya brashi tangu ujana wake. Alianza kukohoa kikohozi kikavu miaka michache baada ya kuingia chumba kile. Anasema kilikuwa kinamshika zaidi siku ya kurudi kazini baada ya mapumziko, na alipokaa nyumbani wiki nzima kwa msiba kilipungua. Akaenda zahanati mara nyingi, akapewa dawa za kikohozi. Akapimwa makohozi kwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akapimwa tena, hakikuonekana. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza: mzee, wewe unafanya kazi gani? Alipochoka kiasi cha kushindwa kubeba fungu, aliambiwa apumzike, na mapumziko hayo hayakuwa na mwisho. Hakufukuzwa kwa barua wala hakuagwa. Kadi yake ya kazi ilibaki ofisini, na ofisi ile ikabadilisha wenyewe. Leo akipanda ngazi tatu za baraza yake hukaa chini kwanza ndipo aitikie salamu.

Je, tunaweza kusema kwa hakika kwamba ugonjwa wa mzee huyu umetokana na singa? Hilo ndilo swali ambalo mwajiri huuliza, na hatuna budi kulijibu kwa uangalifu, maana watu hukohoa kwa sababu nyingi: sigara, pumu, moshi wa kuni, kifua kikuu chenyewe. Hebu tutazame waliokwisha kuchunguza.

Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na aliwashauri matabibu wenzake waongeze swali moja katika maswali wanayomuuliza mgonjwa, yaani kazi yake ni ipi. Zimepita zaidi ya karne tatu, na katika zahanati zetu swali hilo bado ni geni. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wafanyakazi walijua kwa muda mrefu kwamba kifua hubana siku ya Jumatatu, baada ya mapumziko ya Jumapili, kisha hulegea kadiri wiki inavyoendelea. Ugonjwa ukizidi, kifua hubana siku zote na pumzi haimrudii mtu tena. Madaktari waliuita bisinosisi. Waingereza walibishana kwa miaka mingi kabla ya kukubali kuulipia fidia, na walipokubali, mwanzoni mwa miaka ya 1940, walilipa wanaume peke yao, tena aliyekaa katika vumbi lile angalau miaka 20. Wanawake, waliokuwa wengi viwandani humo, walisubiri mpaka mwaka 1948. Tazameni jinsi haki inavyokuja kwa kuchechemea hata katika nchi tajiri.

Kwetu pia uchunguzi umefanyika. Mwaka 1978 jarida moja la Uingereza la afya ya kazini lilichapisha utafiti wa madaktari wa nchi hii, K. Y. Mustafa na wenzake, waliowapima wafanyakazi wa viwanda vya mkonge vya Tanzania, wa kusokota na wa brashi, wakaukuta ugonjwa wa aina hiyohiyo ya pamba. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 2007 na 2008, Akwilina Kayumba na wenzake walirudi katika viwanda vya mkonge, wakakuta kwamba wa brashi ndio wanaosumbuliwa zaidi na kikohozi kikavu, chafya na mafua yasiyokwisha. Baina ya utafiti wa kwanza na wa pili kijana wa miaka 20 aliweza kuanza kazi ya brashi, kuzeeka nayo na kuiacha, na vumbi likabaki lilelile. Haiwezekani basi mtu kusema leo kwamba jambo hili halikujulikana.

Tunakuja sasa kwenye deni lenyewe. Katika zama za manamba, watu walioletwa kutoka mbali wakatambulishwa kwa namba badala ya majina, mfanyakazi alihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikamilika kwa siku 30 za kazi iliyokwisha kufanywa, na siku ambayo mtu aliumwa haikutiwa alama. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa mali ya mgonjwa mwenyewe. Alikuja nao, akakaa nao, akaondoka nao. Mwajiri alinunua siku nzima na siku isiyokuwa nzima hakuijua. Wazee mliokaa hapa mbele mnalifahamu hili kuliko sisi.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Ilikuwa hatua, lakini viwango vyake vilikaa bila kuguswa huku thamani ya shilingi ikiyeyuka, hata mpaka miaka ya 2000 malipo ya juu kabisa kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu yalikuwa shilingi 108,000, na kwa aliyekufa shilingi 83,000, yaani marehemu alikuwa na bei ndogo kuliko mlemavu. Fedha hizo zilikuwa hazitoshi kumnunulia mjane ng'ombe mmoja mzima. Haishangazi kwamba wengi hawakuona haja ya kudai.

Hali hiyo, alhamdulillahi, imebadilika katika vitabu vya sheria, na ni muhimu kila aliyeko hapa ajue imebadilika vipi, kwa sababu waajiri wengine wangali wanaishi mwaka 1949.

Kwanza iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Serikali unaoitwa OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hii inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, azibe na kukinga sehemu za mashine zinazoweza kumdhuru mtu, atoe vifaa vya kujikinga panapokuwa na kitu chenye madhara, aweke maji safi ya kunywa na mahali pa kunawia. Pakiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne, lazima pawe na mwakilishi wao wa usalama na afya. Tena, na hapa tunaomba mtege masikio, inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuwekwa kwenye kazi na apimwe tena kila baada ya muda akiwa katika kazi hiyo.

Kwa nini tunakisisitiza kipimo hiki kuliko barakoa na glavu? Kwa sababu kidole kilichokatwa kinajieleza chenyewe, bali pafu lililoharibika halijielezi. Mtu wa brashi akidai fidia baada ya miaka 15, ataulizwa: tutajuaje kwamba hukuja na kikohozi chako? Kama alipimwa pumzi siku ya kuingia na ikaonekana nzima, na akapimwa kila mwaka, karatasi zile zitasema jinsi pumzi ilivyoshuka mwaka hata mwaka. Kama hakupimwa, hakuna shahidi isipokuwa yeye mwenyewe, na shahidi huyo anahohoa tu. Mwajiri asiyewapima watu wake hajaokoa gharama ndogo tu. Ameufuta ushahidi wa deni lake kabla halijadaiwa. Sisi hatuoni tofauti kubwa kati yake na mtu aliyekopa akachana hati.

Upimaji huo una faida kwa mwajiri pia. Kijana ambaye pumzi yake imeanza kushuka aweza kuhamishiwa shambani au kwenye marobota mapema, naye akaendelea kuwa mfanyakazi mzuri miaka mingi. Na kipimo cha watu kumi kikionesha kwamba saba wanashuka, mwajiri anajua kwamba dosari iko katika chumba chake, wala haiko katika vifua vya watu. Hapo atatafuta mafundi wa kuifunika mashine na kuweka feni za kulivuta vumbi na kulitoa nje, jambo ambalo ndilo dawa yenyewe. Barakoa ni ya mwisho. Kanga au fulana iliyofungwa puani huzuia vumbi kubwa na kuliachia lile dogo, ambalo ndilo adui.

Pili iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lazima alete cheti cha daktari, na pasipo cheti mwajiri halazimiki kulipa. Tunawaomba vijana walishike hilo, kwani wengi huenda duka la dawa, wakanunua vidonge, wakalala nyumbani siku nne, kisha wakalalamika kwamba wamekatwa.

Hapa vibarua watasema: hayo ni ya walioajiriwa, sisi tunaitwa asubuhi na kuagwa jioni. Ndugu zetu, jina la kibarua limetumika kama shuka la kufunikia mambo mengi. Ni kweli kwamba aliye na utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo hizo zenye malipo. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mtu anayeajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, na vipindi vyake vikijumlishwa vikapita miezi 6, anastahili. Na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo 2004 inasema kwamba aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita atadhaniwa kuwa ni mfanyakazi wake, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano hivi! Wangapi kati ya wanaoitwa vibarua katika bonde hili wanafanya siku tano tu kwa mwezi?

Tatu iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoifuta ile ya mwaka 1949. Imeanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Wachangiaji ni waajiri peke yao. Waajiri wa sekta binafsi walianza kwa asilimia 1 ya mishahara wanayolipa, ikashushwa mpaka asilimia 0.5 mwaka 2022. Senti haitakiwi kukatwa kutoka kwa mfanyakazi, na anayekatwa ajue kwamba anaibiwa. Mfuko hulipia matibabu, hulipa pensheni ya kila mwezi ya asilimia 70 ya kipato kwa aliyepata ulemavu kamili wa kudumu, na huwalipa wategemezi wa aliyefariki. Unahusu ajali na vilevile magonjwa yatokanayo na kazi, na mkataba wa mdomo unatosha, si lazima uwe wa maandishi.

Basi ukiitazama hesabu, mwajiri anayelipa mishahara ya shilingi milioni 2 kwa mwezi atachangia shilingi 10,000. Tunaomba mlifikirie hilo. Kuna watu wanaokwepa shilingi 10,000 kwa mwezi na kujibebesha deni la pafu la mwanadamu.

Mpaka hapa wenye mashamba na viwanda wamesemwa, na tunaona baadhi yenu mmestarehe kwenye viti vyenu mkitikisa vichwa. Sasa turudi nyumbani. Mwajiri ni nani? Je, ni mwenye korona tu? Mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Mombo ni mwajiri. Mashine nyingi za namna hiyo mkanda wake uko wazi, na akina mama huupita karibu na kanga zao zikipepea. Kipande cha wavu na misumari michache kingetosha kuukinga. Mwenye karakana ya useremala ni mwajiri, na vumbi la mbao limetajwa tangu mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ya pua hasa. Mwenye bustani ya nyanya anayemtwika kijana bomba la dawa mgongoni, kifua wazi na miguu mitupu, akamwambia apulize mpaka adhuhuri, huyo naye ni mwajiri. Dawa ile huingia mwilini kupitia ngozi. Kijana akitapika jioni husemwa kwamba ana malaria.

Na mama mwenye binti wa kazi nyumbani? Yeye pia. Binti yule akiumwa, wengi hufanya nini? Humpa nauli arudi kwao Lushoto au Handeni. Nauli hiyo huonekana kuwa ni hisani, na jirani husifu. Lakini sheria ya mwaka 2004 haikumbagua mtumishi wa nyumbani, na siku zake 63 za mshahara kamili ni haki yake akishatimiza miezi 6 na kuleta cheti. Tunajua kwamba maneno haya hayatapendwa katika kila nyumba. Wapo watakaosema kwamba uwezo wao ni mdogo, na ni kweli uwezo ni mdogo. Sisi tunajibu kwamba aliyekodi baiskeli ya mtu ikakatika mnyororo mikononi mwake hurudisha baiskeli na mnyororo, hata kama ni maskini. Mwili wa mtoto wa mtu tumeukodi kwa miezi kadhaa. Katika dini yetu hiyo ni amana, na amana haipimwi kwa utajiri wa aliyeishika.

Tuseme pia neno kwa wafanyakazi, wasije wakadhani kwamba sheria imeandikwa upande mmoja. Mfanyakazi anawajibika kuvaa alichopewa, kufuata maelekezo ya usalama na kuripoti hatari anayoiona. Yupo anayepewa barakoa akaiuza, yupo anayeondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka awahi kumaliza kiasi alichopangiwa. Huyu anamdhulumu mwenzake wa karibu kabla hajajidhulumu yeye. Na wapo, tunasikitika kusema, wanaoficha ugonjwa kwa kuogopa kuondolewa. Tunauelewa woga wao. Hata hivyo ugonjwa uliofichwa miaka mitatu ni vigumu kuudai katika mwaka wa nne.

Ndiyo maana tunamalizia na tarehe. Mfanyakazi akiumia, amweleze mwajiri mara moja, kwa maandishi kama anaweza, au mbele ya mtu mwingine kama hawezi. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kuupelekea Mfuko taarifa. Ikipita miezi 12 bila taarifa kumfikia mwajiri wala Mfuko, haki hupotea. Mwajiri akikataa kuandika, mfanyakazi aweza kuuandikia Mfuko mwenyewe, na chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kina watu wanaojua fomu hizo. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa na akaona ameonewa, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku ya 31 atalazimika kwanza kueleza kwa nini alichelewa.

Na mkienda zahanati, msisubiri kuulizwa. Semeni wenyewe: nafanya kazi ya brashi ya mkonge, huu ni mwaka wa sita, kifua kinanibana siku ya kurudi kazini. Mwombeni mganga ayaandike maneno hayo kwenye cheti, pamoja na tarehe, kisha kihifadhini mahali ambapo mchwa na mvua havifiki.

Tumeelezwa kwamba kuna ndugu wanne hapa waliowahi kufanya kazi chumba cha brashi na wangali wakikohoa. Tutakaa nao baada ya swala ya alasiri. Waje na vyeti vyao vya hospitali, hata vilivyochakaa, na mwenye kadi ya zamani ya kazi au hati ya mshahara aje nayo. Asiye na karatasi yoyote aje na wenzake wawili waliofanya naye kazi, ili tuandike majina yao na miaka waliyokuwa pamoja.

Wassalaam.